Tone la Wino, Elektroni na Mabamba Mawili

Hotuba kwa walimu wa fizikia, wanafunzi wa kidato cha sita na mafundi wa mashine za kuchapa tarehe

Walimu, mafundi, nanyi wanafunzi, hamjambo. Kabla ya kugusa ubao, chukueni chupa ya maji iliyo mbele yenu. Karibu na shingo pana tarehe ya mwisho wa matumizi. Isogezeni machoni. Zile tarakimu zimepangwa kwa vidoadoa, kila kidoa ni tone moja la wino. Mkiitazama sana tarakimu 1, huenda mkaona nguzo yake imelala kidogo upande mmoja. Hakuna kilichoigusa chupa hii wakati wa kuchapwa. Tone lilirushwa kutoka sentimeta chache, likapita kati ya mabamba mawili ya chuma yenye volti elfu kadhaa, likapinda, likatua pale lilipoagizwa. Hesabu iliyoliagiza ni ileile ambayo kidato cha sita wanaikariri kwa ajili ya mtihani: mwendo wa chembe yenye chaji katika uga sare wa umeme.

Tuanze na neno "sare", kwa kuwa ndilo linalorahisisha kila kitu. Uga ni sare pale ambapo chaji ileile, uiweke popote, inasukumwa kwa kani ileile na kuelekea upande uleule. Ili kuupata uga wa namna hiyo, unaweka mabamba mawili bapa sambamba, moja unaliunga upande chanya wa chanzo cha umeme, jingine upande hasi. Ukubwa wa uga ni volti kati ya mabamba gawanya kwa nafasi kati yake. Volti 200 juu ya nafasi ya sentimeta 2 zinatoa volti 10,000 kwa mita. Geuza sentimeta ziwe mita kabla ya kugawanya. Naona baadhi ya walimu wanatabasamu. Wanajua karatasi ngapi zimepotelea hapo.

Kani ni chaji mara uga. Elektroni ina chaji ya kulombu 1.6 × 10⁻¹⁹, kwa hiyo katika uga wetu inavutwa kuelekea bamba chanya kwa kani ya newtoni 1.6 × 10⁻¹⁵. Kwa masikio ya binadamu hiyo si kani ya kutajwa. Lakini igawanye kwa tungamo ya elektroni, yaani kilo 9.11 × 10⁻³¹, upate mchapuko: mita 1.76 × 10¹⁵ kwa sekunde mraba. Uzito wa elektroni hiyohiyo ni newtoni 8.9 × 10⁻³⁰ tu, kwa hiyo kani ya umeme inauzidi kama mara trilioni 180. Mwanafunzi anayeandika "tunapuuza mvutano wa dunia" aandike na tarakimu hii pembeni, ili ijulikane anapuuza kwa sababu.

Sasa, jambo ambalo ningependa libaki vichwani ni hili: uga sare una mkono mmoja. Unasukuma kwa mwelekeo wake tu. Elektroni inayoingia sambamba na mabamba inabaki na mwendokasi wake wa mbele kama ilivyokuja. Haiongezewi wala haipunguziwi. Kinachozaliwa ni mwendo wa pembeni, ambao unaanza na sifuri na kukua sawasawa na muda. Mwendo wa mbele usiobadilika, na wa pembeni unaokua sawasawa, vikikutana vinachora parabola, kama jiwe lililofyatuliwa kwa manati sambamba na ardhi. Ndani ya mabamba njia ni parabola. Nje ya mabamba hakuna kani, kwa hiyo njia ni mstari ulionyooka. Mchoro unaoendelea kupinda baada ya kutoka kwenye mabamba ni mchoro mbovu, hata kama jibu la mwisho limekuja sawa.

Tufanye mfano mmoja mpaka mwisho. Elektroni imechapushwa na volti 2,000. Nishati ya chaji mara volti inageuka kuwa nishati mwendo, nusu ya tungamo mara mwendokasi mraba. Ukitafuta kipeuo cha pili unapata mita 2.65 × 10⁷ kwa sekunde, karibu asilimia 9 ya mwendo wa mwanga. Kwa volti 2,000 hesabu ya Newton bado inatosha, kosa lake halifiki asilimia moja. Ukipanda kwenye makumi elfu ya volti, hapo Einstein anaanza kudai chake.

Mabamba yetu yana urefu wa sentimeta 5. Elektroni inayapita kwa nanosekunde 1.9. Katika muda huo inasogea pembeni nusu ya mchapuko mara muda mraba: milimita 3.1. Inatoka ikiwa imeinama kwa pembe ambayo tanjenti yake ni 0.125, yaani nyuzi 7 na kidogo. Weka kioo chenye fosfori (unga unaong'aa ukipigwa na elektroni) sentimeta 20 kutoka katikati ya mabamba, na nukta ya mwanga itahama sentimeta 2.5.

Nimesema kutoka katikati ya mabamba, na sikuteleza ulimi. Ukichukua ule mstari ulionyooka wa nje na kuurudisha nyuma kwa rula, hautaangukia kwenye ukingo wa mabamba. Utakata mstari wa mwanzo katikati kabisa ya urefu wake. Hiyo ni tabia ya parabola. Kwa hiyo mpindo kwenye kioo ni tanjenti ya pembe mara umbali kutoka katikati, basi. Anayepima kutoka ukingoni kisha akasahau kuongeza zile milimita 3.1 za ndani, anakosa kwa milimita 3.1 zilezile.

Kuna ukaguzi mmoja wa haraka ambao walimu tunausahau kuufundisha. Elektroni imepata nishati kiasi gani ndani ya mabamba? Wengi hujibu elektronivolti 200 (elektronivolti moja ni nishati ambayo elektroni inapata ikivuka volti moja), kwa kuwa mabamba yana volti 200. Hapana. Haikusafiri kutoka bamba moja hadi jingine. Imesogea milimita 3.125 tu katika uga wa volti 10,000 kwa mita, kwa hiyo imepata elektronivolti 31.25. Jaribu kwa njia ya pili: nishati ya mwendo wa pembeni ni tanjenti mraba mara nishati ya mbele, 0.125 mraba mara 2,000, na jibu ni 31.25. Njia mbili zikikutana hivyo, lala usingizi.

Hebu sasa tuiandike fomula ya mpindo ndani ya mabamba bila tarakimu. Ni volti za mabamba mara urefu wa mabamba mraba, gawanya kwa nne mara nafasi mara volti za kuchapusha. Itazameni vizuri. Chaji iko wapi? Tungamo iko wapi? Zote zimekatana. Protoni ina tungamo mara 1,836 ya elektroni, lakini ukiichapusha kwa volti 2,000 zilezile (ukigeuza ncha tu) na kuipitisha kwenye mabamba yaleyale, itapita njia ileile kwa umbo, ila upande wa pili, na itachelewa kama mara 43. Kwa maneno mengine, mtu akikuonyesha alama kwenye kioo, na volti zote mbili, huwezi kujua ni chembe gani iliyoipiga.

Ndiyo maana J. J. Thomson, pale Cavendish Laboratory, maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Cambridge, mwaka 1897, hakuridhika na uga wa umeme peke yake. Alilinganisha mpindo wa umeme na mpindo wa sumaku. Mipindo hiyo miwili ikilingana, mwendokasi wa chembe ni uga wa umeme gawanya kwa uga wa sumaku. Ukishaujua mwendokasi, ule mpindo wa umeme unakupa uwiano wa chaji kwa tungamo. Mabamba yake yalikuwa ya aluminiamu, urefu sentimeta 5, nafasi sentimeta 1.5. Vipimo ambavyo fundi yeyote wa maabara ya shule anaweza kuvikata.

Lakini kabla yake, mwaka 1883, Heinrich Hertz alikuwa amejaribu kuipinda miale ya kathodi (mkondo wa elektroni ndani ya neli ya kioo, ingawa wakati huo haukujulikana hivyo) kwa mabamba, na haikupinda. Akahitimisha kwamba miale hiyo haibebi chaji. Hertz hakuwa mtu wa kubahatisha, basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa kwenye ombwe. Ndani ya neli ilibaki gesi ya kutosha, na miale yenyewe iliipasua gesi hiyo ikawa ayoni, yaani chembe zenye chaji. Ayoni hasi zikakimbilia bamba chanya, ayoni chanya zikakimbilia bamba hasi, zikaufunika uga kama pazia. Volti zilikuwepo kwenye waya, ila katikati ya mabamba uga ulikuwa haupo. Thomson alipoiondoa hewa zaidi, miale ilipinda, na aliweza kuuona mpindo hata kwa volti 2. Basi ukiwa na neli ya maonyesho shuleni ambayo nukta inahama mara tu ukiwasha mabamba, kisha inarudi polepole mahali pake, usiilaumu fomula. Neli imeingiza hewa.

Jambo la pili linalofanya maabara ikatae kukubaliana na ubao ni ukingo. Fomula inadhani uga unaanza ghafla kwenye ukingo wa bamba na kukatika ghafla. Kwa kweli mistari ya uga inavimba nje ya ukingo, kwa umbali unaokaribia nafasi ya kati ya mabamba yenyewe. Chembe inaanza kupindishwa kabla haijaingia, na inaendelea kidogo baada ya kutoka, kwa hiyo mabamba yanafanya kazi kama marefu kuliko rula inavyosema. Mabamba ya sentimeta 5 yenye nafasi ya sentimeta 2 yana ukingo mwingi mno. Punguza nafasi, au ongeza urefu, na kosa litapungua. Usiipunguze nafasi ovyo, kwa kuwa kuna mpaka mwingine: mwale ukipinda hadi nusu ya nafasi, unagonga bamba na kioo kinabaki giza. Kwa mfano wetu hilo linatokea kwenye volti 640.

Turudi kwenye chupa.

Katika miaka ya 1960, Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaka kuchora mawimbi ya umeme yanayobadilika upesi moja kwa moja kwenye karatasi. Oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, ilikuwa ikifanya hivyo kwa elektroni kwenye kioo. Sweet akaweka matone ya wino mahali pa elektroni. Na akapindua mpango: kwenye oskiloskopu chaji ya chembe haibadiliki, unachobadilisha ni volti za mabamba. Kwenye wino, volti za mabamba hazibadiliki, unachobadilisha ni chaji ya kila tone. Ana sababu nzuri. Tone linakaa ndani ya mabamba kwa milisekunde nzima, wakati huo matone mengine makumi yako humohumo. Ukibadilisha volti za mabamba unayasukuma yote pamoja. Chaji, kila tone unaweza kulipatia yake, peke yake.

Nichukue tarakimu za mviringo, zilizo jirani na mashine halisi. Pampu inasukuma wino kupitia nozeli nyembamba kama unywele, na kidude kinachotetemeka mara 64,000 kwa sekunde kinaukata mchirizi uwe matone yanayolingana. Kila tone lina kipenyo cha milimita 0.1 hivi, tungamo ya kilo 4.5 × 10⁻¹⁰, na linakwenda mita 20 kwa sekunde. Gawanya 20 kwa 64,000: matone yanafuatana kwa milimita 0.3. Pale hasa tone linapojitenga na mchirizi imewekwa elektrodi ya kuchaji. Volti iliyopo kwenye elektrodi wakati huo ndiyo inayoamua tone litaondoka na chaji kiasi gani. Mbele yake mabamba mawili, urefu milimita 20, nafasi milimita 5, volti 5,000: uga wa volti milioni 1 kwa mita. Hewa kavu huvumilia kama milioni 3 kabla ya kupasuka kwa cheche, kwa hiyo tuko salama, lakini si mbali.

Tone lililopewa kulombu 1 × 10⁻¹² linasukumwa kwa sehemu moja ya milioni ya newtoni, zaidi ya mara 200 ya uzito wake. Mchapuko ni mita 2,200 kwa sekunde mraba. Linakaa ndani kwa milisekunde 1, linasogea milimita 1.1, linatoka na tanjenti ya 0.11. Milimita 20 mbele ya ukingo, ambazo ni 30 kutoka katikati, limepinda milimita 3.3. Sasa toa chaji kwa ngazi saba, kutoka sehemu 0.4 hadi 1.0 ya kiasi hicho, na una nguzo ya vidoa saba yenye urefu wa milimita 2. Hiyo ndiyo ile tarakimu 1. Imelala kwa sababu chupa ilikuwa ikisonga kwenye mkanda wakati vidoa vikitua kimoja baada ya kingine. Tone lisilopewa chaji haliguswi na uga. Linakwenda moja kwa moja kwenye tundu la kurudisha wino, na kurudi tankini.

Hapa fomula ya elektroni na ya tone zinaachana. Tone halikuchapushwa na volti bali na pampu, kwa hiyo chaji na tungamo hazikatani tena. Mpindo unategemea chaji gawanya kwa tungamo, na unapungua kwa mwendokasi mraba. Huo mraba ndio unaowasumbua mafundi. Mwendo wa tone ukishuka asilimia 5, mpindo unapanda karibu asilimia 11, na tarakimu ya milimita 2 inakuwa ya 2.2. Fundi akiona maandishi yamerefuka, mkono usikimbilie volti za mabamba. Akague kwanza mnato wa wino: kiyeyushi hugeuka mvuke, wino unakuwa mzito, pampu inasukuma kwa shinikizo lilelile lakini mchirizi unachelewa. Maandishi yakifupika yote kwa uwiano mmoja, ama mwendo umezidi ama volti za mabamba zimeshuka. Na kama juu ndipo panapokatika huku chini pako sawa, matone yenye chaji kubwa yanagonga bamba. Vidoa vya chini vikikosekana, yenye chaji ndogo yamemezwa na tundu la kurudishia.

Matone pia yanasukumana yenyewe. Mawili yenye kulombu 1 × 10⁻¹² kila moja, yakiwa milimita 0.3 mbalimbali, yanafukuzana kwa newtoni 1 × 10⁻⁷. Hiyo ni sehemu ya kumi ya kani ya mabamba! Hakuna uga sare utakaokuokoa hapo. Tiba ni kuacha tone moja au zaidi bila chaji kati ya yale yanayochapa, na ndiyo sababu mashine ikiwekwa kwenye kasi yake ya juu kabisa, ambapo matone hayo ya ulinzi yanapunguzwa, maandishi huwa machafu kidogo. Wala usidhani unaweza kuongeza chaji upendavyo: Lord Rayleigh alionyesha mwaka 1882 kwamba tone likizidishiwa chaji, msukumano wake wa ndani unaishinda nguvu ya ngozi ya kimiminika, na tone linapasuka. Kwa tone letu mpaka huo uko kwenye kulombu 4 × 10⁻¹² hivi.

Kisha kuna nyuga zisizoalikwa. Chupa ya plastiki ikisuguana na reli za mkanda inabeba chaji tuli, na tone linapoikaribia linavutwa au kufukuzwa kabla ya kutua. Dalili yake ni maandishi yanayocheza kutoka chupa moja hadi nyingine wakati kichwa cha mashine hakijaguswa. Unganisha reli na fremu ya mkanda na ardhi, na kagua kama waya wa ardhi wa kichwa haujalegea.

Wino uliogandia bamba unafungua njia ya umeme kuvuja, na mashine inajikata volti kubwa ili isipige cheche. Zima mchirizi, zima volti kubwa, ndipo usafishe kwa kiyeyushi cha wino huohuo, si kwa maji. Wino mwingi wa aina hii una MEK (methili ethili ketoni), kiyeyushi ambacho kinashika moto haraka. Acha mabamba yakauke kabisa. Bamba lenye unyevu linapitisha umeme, na ukiwasha upesi utaikata mashine tena au utapata cheche juu ya mvuke unaowaka.

Jaribio la mwisho halihitaji kifaa zaidi ya karatasi na rula yenye milimita, na linafaa darasani kama linavyofaa kiwandani. Chapa nguzo moja kwenye karatasi iliyo milimita 20 kutoka ukingo wa mabamba. Chapa nyingine kwenye milimita 40. Kwa mashine yetu urefu utakuwa milimita 2.0 na 3.3. Chora urefu dhidi ya umbali, nyoosha mstari kurudi nyuma mpaka urefu uwe sifuri. Ukikata milimita 10 ndani ya ukingo, ambapo ndipo katikati ya bamba la milimita 20, uga wako ni sare na mabamba ni safi. Ukikata mahali pengine, fungua kifuniko utazame.